Mwalimu Yuko London, Wakosoaji Wako Sebuleni

Anayesema elimu ya masafa ni ngumu kwa sababu ya masafa, huyo hajawahi kuisomea Tabata. Masafa hayana neno. Kati yangu na mwalimu wangu kuna kilomita kama 7,500, jangwa zima la Sahara, bahari, na dirisha la kuombea viza ambalo ukiliota usiku unaamka umelowa jasho, na katika umbali wote huo hakuna hata kimoja kilichowahi kunikera. Kinachonikera kiko hatua chache kutoka hapa nilipoketi, kimejifunga kanga, kimeshika mwiko, na kinataka kujua huyu ninayemchora mbona kavimba shavu, au anaumwa jino.

Nasoma uchoraji. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Mimi ni mtu mzima mwenye kazi ghalani, mke, watoto, kitambi, safu hii, na shemeji aliyekuja mjini kwa wiki moja, wiki ambayo mpaka leo haijaisha. Chuo chenyewe ni cha Uingereza, kinafundisha sanaa kwa njia ya mtandao, na jina lake silitaji maana kazi zangu bado ziko mikononi mwao zinasubiri maksi. Wahenga walishakataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo.

Swali la kwanza ninaloulizwa ni kwa nini nisiende Bagamoyo. Chuo cha sanaa kiko pale tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, unapanda gari Makumbusho na kabla usingizi haujakolea umeshafika. Jibu ninalolitoa hadharani ni kwamba bosi hawezi kuniachia nikakae chuoni, na ni kweli hawezi. Jibu la chumbani ni kwamba Bagamoyo ni karibu mno. Ukienda Bagamoyo utakaa na vijana wa miaka ishirini wenye vidole vinavyotii amri, nao watasimama nyuma yako kuchungulia karatasi yako. Mimi nilitaka kuchora vibaya mahali pasipo na mtu anayenijua, hadi siku nitakapochora vizuri, ndipo nijitangaze. Nilinunua masafa. Katika ada yote ile, kwa hesabu yangu, sehemu ndogo ni mafunzo na iliyobaki ni faragha.

Wala si mimi wa kwanza kuinunua bidhaa hiyo. Charles Schulz, yule Mmarekani aliyewachora Charlie Brown na mbwa wake Snoopy, alisoma uchoraji kwa posta. Shule ilikuwa Minneapolis, yeye akiishi St. Paul, mji wa jirani kabisa, umetenganishwa na mto tu. Angeweza kuzipeleka kazi zake mwenyewe, akagonga mlango, akasema hodi. Akawa anabandika stempu. Wengine watatafuta sababu. Mimi nimemwelewa bila kuambiwa. Somo la kuchora watoto walimpa C+, halafu maisha yake yote akala kwa kuchora watoto. Tena shule hiyohiyo ikaja kumwajiri asahihishe kazi za wenzake. Kisa hicho nimekihadithia nyumbani mara nyingi kuliko wanavyotaka kukisikia.

Kufundishana kwa barua ni jambo la kale. Isaac Pitman alilianza Uingereza mwaka 1840, akituma masomo ya hati mkato kwa posta. Huku kwetu wazee wengi wa ofisini walipata vyeti vyao kwa masomo ya posta kuanzia miaka ya 1970, kisha kikaja Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na leo ni nadra kuingia ofisi ukamkosa mhitimu wake. Lakini hao walisoma sheria, ualimu, uhasibu: mambo ya maneno na tarakimu, yanayoingia kwenye bahasha bila kupinda. Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Namheshimu mzee yule kwa yote aliyoyafanya, na nasema hili kwa adabu zote: kule ndani hakuwa na shemeji.

Uchoraji una mahitaji yake, na mahitaji hayo hayafichiki. Orodha ya vifaa ilipokuja, cha kwanza kabisa kilikuwa mkaa. Nikamwambia mke wangu nahitaji fedha ya mkaa. Akaniambia mkaa upo, gunia liko nusu, nyuma ya banda la kuku. Nikamweleza kwamba huo ni mkaa wa kuchorea, unatokana na vijiti vya mti unaoota kando ya mito ya Ulaya, vinachomwa ndani ya chombo kisichoingiza hewa mpaka viwe vyeusi hadi kiini, kisha vinapangwa kwenye kiboksi. Akauliza bei. Nikamtajia. Akavuta kigoda akakaa. Kwa fedha ile, alisema, tungechemsha maharage mpaka Pasaka.

Na alikuwa na hoja. Serikali ina mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwetu tumeshanunua mtungi wa gesi, mkaa tumeubakiza kwa ajili ya maharage na makongoro tu, mama watoto anajivunia kuta zake zisizo na masizi. Sasa mwanamume mzima anarudisha mkaa nyumbani, anauingiza mpaka sebuleni, na ni wa kuagiza ng'ambo.

Niliujaribu ule wa gunia. Mkaa wa Tanzania ni mkaa wa kazi, umetoka kwenye mti mgumu, haukubali kubembelezwa. Unachana karatasi, unalia, na unaacha vumbi linaloingia puani na kukaa humo hadi Jumapili. Mwalimu alipoiona picha akaniandikia kwamba amependa mikwaruzo yangu yenye hasira. Hasira haikuwa ya mikwaruzo.

Karatasi nayo. Wanataka nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, isikunjamane ikilowa. Kariakoo nilizunguka maduka ya vifaa vya shule mpaka soli ikalainika, na kila muuzaji ananitolea manila. Manila ya kijani, manila ya pinki, manila nyeupe iliyopigwa jua dukani ikawa rangi ya chai. Wote wananiuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Mwanzoni nilikuwa naeleza. Baadaye nikawa nasema la nne, tunaelewana, napata na punguzo. Hata ukiipata hiyo nzito, masika ya Dar es Salaam hayajui rangi za maji ni kitu gani. Kitabu kinasema subiri kidogo tabaka la kwanza likauke ndipo upake la pili. Mwezi wa nne, Tabata, tabaka la kwanza halikauki. Linaota ukungu.

Kitabu hichohicho kinaagiza mchoraji akae kwenye dirisha linalotazama kaskazini, eti huko jua haliingii moja kwa moja na mwanga hautikisiki kutwa nzima. Nimelipa fedha za kigeni kuambiwa hivyo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu digrii saba. Kuanzia mwezi Machi mpaka Oktoba inapoanza, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo linaingia humohumo kwenye dirisha walilonichagulia, linanichoma shingo na kuniyeyushia krayoni. Nikamwandikia mwalimu. Akajibu kwa upole kwamba hakuwahi kulifikiria jambo hilo, akanishukuru kwa kumletea mtazamo mpya. Mtazamo! Ndugu yangu, hilo ni jua. Lina mtazamo gani?

Tukafika kwenye zoezi la kupanga vitu mezani na kuvichora vikiwa vimetulia. Mfano walioutoa ulikuwa na mapeasi, chupa ya mvinyo na fuvu la kondoo. Mapeasi dukani nimeyaona, yamevalishwa nyavu, bei yake inaogopesha. Mvinyo sinunui chupa kwa ajili ya kuitazama. Nikapanga embe dodo, chupa ya mafuta ya alizeti, na kichwa cha mbuzi nilichokifuata mwenyewe machinjioni Vingunguti alfajiri. Pembe nilizipata vizuri. Nikachora paji la uso, nikashuka mpaka machoni. Nikatoka mara moja kwenda kunawa mikono, niliporudi meza ina embe na mafuta, na kichwa kipo jikoni kinatokota. Shemeji alidhani nimemletea.

Somo la mwili wa binadamu ndilo lililonipa mtihani. Wenzangu wa Ulaya wanakwenda kwenye kumbi ambako mtu analipwa kukaa bila nguo, anatulia, wanamchora, anavaa, anakwenda zake. Chuo kikasema asiyekuwa na ukumbi wa namna hiyo jirani anaweza kumwomba mtu wa familia. Niliisoma sentensi hiyo mama mkwe akiwa amekuja kutusalimia. Nikafunga kompyuta polepole, nikamkaribisha chai.

Nikamwandikia mwalimu kwamba kwetu nguo zitabaki. Akakubali bila ubishi, akasema basi nichore mikunjo ya nguo na mwili utaonekana humo. Nikaenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Bodaboda akikosa abiria hulala juu ya pikipiki kwa ufundi wa hali ya juu, kichwa kwenye kiti, miguu kwenye usukani, unaweza kudhani kazaliwa nayo. Nikaketi, nikaanza na kofia, nikaja bega, mkunjo wa koti ukakubali, nikafika kiunoni. Abiria wa Kimara huyo hapo. Nikahamia kwa mwingine. Kiunoni tena, simu ikaita. Nimejaza kitabu kizima cha bodaboda walioishia kiunoni. Aliyebaki akagundua ninachofanya, akasema yeye atatulia mpaka jioni, ila nimkadirie hesabu ya siku ya bosi wake pamoja na mafuta.

Sasa nije kwenye jumuiya, maana ndicho kitu chuo kinachojisifia kuliko vyote. Mwanafunzi wa masafa hayuko peke yake, wanasema, yumo ndani ya jumuiya. Kwenye kundi letu yumo mstaafu wa Scotland anayechora kondoo, nesi wa Ireland anayechora mikono ya wazee, mama mmoja wa Norway anayechora theluji, nyeupe juu ya nyeupe, na mimi wa viuno vya bodaboda. Tunakutana kwa video saa nane mchana ya London. Kwetu hiyo ni saa kumi na moja jioni. Nikaizoea. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza wakasogeza saa zao mbele, kikao kikahamia saa kumi nami niko kazini nahesabu magunia. Oktoba wanazirudisha. Nchi nzima inaamka asubuhi na kukubaliana kwamba saa si ile ya jana, halafu walewale wanatusema sisi hatujali muda.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa nyumba yangu inapojaa. Watoto wametoka shule, mama wa samaki anapita akinadi, jirani wa ukuta wa pili amefungulia singeli, na shemeji anaamka. Bando nalo linachagua dakika hiyohiyo kuisha. Yule mama wa Norway aliwahi kuniomba nifungue maiki zaidi, si kwa ajili yangu. Alitaka kujua huo muziki unapatikana wapi.

Katika kikao kila mmoja anaonyesha kazi yake na wengine wanaisifu. Wanasifu chochote. Mstaafu alileta kondoo ambaye miguu yake nilihesabu mara mbili na hesabu hazikulingana. Wakamsifu kwa mwendo. Zamu yangu ikafika, nikaonyesha mkono wangu wa kushoto. Mimi mwenyewe mwenye mkono nisingeutambua ungekutwa barabarani. Wakasema una nguvu. Wakasema wanausikia uzito wake. Nikauliza, kwa kuwa nimelipa ada, kama vidole viko sawa. Kikaja kimya cha watu wanaotazama vikombe vyao vya chai, kisha mmoja akasema kwamba kila kidole kina safari yake.

Nikauchukua mkono huohuo nikauweka mezani sebuleni.

"Kiazi," alisema mke wangu.

Binti yangu wa darasa la tano akasema hapana mama, ni mguu wa kuku, ona kucha. Shemeji akaukalia upande, akafumba jicho moja, akasema ni muhogo, tena wa Kigoma. Mama mkwe akavaa miwani. Akautazama kwa kitambo, akaivua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, zile dawa za presha unaendelea nazo?"

Hapa ndipo ninapowalaumu wenye chuo. Jumuiya wameniuzia, lakini wameipanga kinyume. Wenye adabu wamewekwa ng'ambo ya bahari, ambako adabu yao hainifai kitu; wenye macho wamewekwa sebuleni, ambako siwezi kuwakimbia. Ningepewa madaraka ya siku moja ningewahamisha. Mama mkwe apewe viza aende London akasahihishe kazi za wanafunzi, akimaliza wiki moja tu watakuwa wamejua kuchora au wameacha. Na yule mstaafu wa Scotland aje Tabata, nimpe kiti kizuri na kikombe cha chai ya tangawizi, akae hapo asifie.

Kuna na daftari la tafakuri. Kila mchoro unadai maelezo kando yake: nilikusudia nini, nimeathiriwa na nani, nilihisi nini wakati mkono unakwenda. Mimi kuandika naandika hapa kila wiki na kulipwa nalipwa, kwa kuchelewa. Nilikimbilia uchoraji ili nipumzike na maneno. Chini ya mchoro wa embe niliandika, "Nilihisi njaa." Mwalimu akaniomba nipanue wazo hilo. Nikaongeza, "Sana."

Simsingizii mwalimu. Ni mtu mwema, anasoma kila kitu, na akikosoa anakosoa kwa kitambaa laini mpaka unatafuta ulipopigwa. Ripoti yake ya mwisho ilisema weusi wangu una woga. Alikuwa na maana ya weusi kwenye picha, kwamba mahali pa kivuli kizito sibonyezi vya kutosha. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Akanitazama usoni, akashuka mikononi, akasema kamera ya huyo mwalimu ni mbovu.

Kamera kweli inahusika. Siku hizi kazi hazitumwi kwa bahasha, zinapigwa picha na kutumwa kwa mtandao. Karatasi kubwa naitandika sakafuni, nasimama juu ya kiti, taa ya ukutani inanitupia kivuli cha kichwa changu katikati ya mchoro, na pembeni kuna kidole gumba cha mtoto aliyeambiwa ashike isipeperuke. Kuna maksi nilizipata kwa "matumizi ya kivuli" ambazo mpaka leo sijui ni za mchoro au za kichwa.

Halafu likaja zoezi la kumchunguza msanii wa karibu nawe. Moyo wangu ulikwenda kwa Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora hapahapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za dukani, juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Katika miaka hiyo michache alikuwa ameshawaketisha kando yake akina Linda, Adeusi, Tedo, Ajaba na Mpata, jamaa zake na watu wa kwao, wakajifunza kwa kuutazama mkono wake. Leo uchoraji huo unabeba jina lake na unauzwa Oysterbay kwa watalii na wenyeji. Hakuna katika wale aliyeandika tafakuri. Walikaa karibu, wakapaka. Nikilitazama hilo na kuitazama risiti yangu ya ada, napata kiungulia.

Lakini maelekezo yalitaka msanii aliye hai, unayeweza kumfikia kwa miguu. Nikamkumbuka fundi mabango wetu. Hana mtaa asiougusa. Saluni ya kiume imejaa vichwa vyake, vimepangwa kwa namba uchague mtindo, na Tupac katikati akiangalia mashine ya kunyolea. Buchani kaweka ng'ombe anayetabasamu, jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu nihamie huku. Kitambaa cha kufutia anakitupia begani, rangi anaichanganya kwenye kopo la maziwa. Mstari anaupata kwa uzi uliopakwa chaki: anauvuta, anauachia, pa! Umenyooka. Uso anauanzia pua. Ukiikosa pua, anasema, hata mama yake mzazi atampita.

Nikapiga picha kuta zake, nikaandika kurasa nilizotakiwa, nikazituma pamoja na michoro yangu mwenyewe ya muhula mzima. Majibu yakaja. Michoro yangu ya muhula mzima ilipata nusu ukurasa. Ukuta wa saluni ulipata kurasa mbili. Mwalimu alizungumzia uhakika wa mstari, ubahili mzuri wa rangi, hata yule ng'ombe alimwelewa kuliko ninavyomwelewa mimi. Akauliza fundi huyu amefundishwa na nani. Mwisho akaniomba nimfikishie salamu.

Nikazifikisha. Fundi alikuwa juu ya ngazi kwenye ukuta wa saluni mpya.

"Fundi, mwalimu wangu wa Uingereza amekusifu."

"Amesemaje?"

"Mstari wako una uhakika."

"Hilo nalijua. Katuma nini?"

"Salamu."

Akaendelea kupaka. "Na wewe, mzee wangu, wanakupa shilingi ngapi kule?"

"Mimi ndiye ninayewapa."

Akaweka brashi juu ya kopo. Akashuka ngazi, kidato baada ya kidato, akasimama mbele yangu, akaniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa. Alipotulia akawa mtu wa biashara. Kama ukuta wake umeandikiwa kurasa mbili, alisema, na mimi nusu ukurasa, basi katika kila shilingi tano ya ada hiyo nne zimemsoma yeye. Alitaka kujua zile nne zinaingiaje kwake, kwa simu au taslimu.

Tulivutana. Mwisho tukakubaliana nilipe kwa jasho: Jumamosi nije na nguo mbovu. Nilikuja. Nikapiga msasa ukuta mpaka nikawa mweupe, nikachanganya rangi na thina, nikashika ngazi. Alasiri akanipa brashi, mstari wa penseli ukiwa umeshachorwa ubavuni mwa kichwa cha kijana mwenye panki. Akanikabidhi sikio, kwa sababu, alisema, sikio halina anayelitazama. Akanishika kiwiko, akakisogeza chini. "Usiguseguse. Vuta." Kwa muda wote niliosomea sanaa, hakuna mwingine aliyewahi kunigusa kiwiko. Nikavuta. Nilivuta sikio lile mpaka jua likaanza kushuka, nikaona limekaa.

Mwenye saluni akaja kukagua. Akatazama panki, akaguna kwa kuridhika. Akatazama macho, pua, mdomo, ndevu za kuchongwa. Kisha akahamia upande wa kulia, akasimama hapo.

"Hili sikio kachora nani?"

Fundi hakugeuka. "Huyu mzee. Anasoma Uingereza."

Mwenye saluni akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zangu zenye rangi.

"Basi Uingereza waje walifute ndipo nilipe."